Uti wa mgongo haupiti: shajara ya mradi wa kuwalea wahadhiri katika utafiti na maandiko ya ruzuku

Oktoba 2024

Mradi umepitishwa na kurugenzi ya utafiti imetupa fungu dogo, ambalo halitoshi hata semina moja ya hotelini. Afadhali. Kila mwaka chuo chetu hapa Nyanda za Juu Kusini kimekuwa kikifanya warsha ya uandishi wa maandiko: slaidi asubuhi, chai saa nne, slaidi tena, picha ya pamoja, vyeti. Watu wanarudi ofisini na mafaili mazuri, andiko halionekani. Warsha inamwonyesha mhadhiri andiko zuri lilivyo, lakini haikai naye siku andiko lake mwenyewe linapokuwa baya.

Tumekubaliana utaratibu mwingine. Kila Jumatano saa tisa alasiri, chumba kidogo cha maktaba, tunasoma ukurasa mmoja wa mtu mmoja. Hakuna posho ya kikao. Wanaolelewa ni wahadhiri na wahadhiri wasaidizi kutoka kilimo, uuguzi, biashara na isimu. Tumewachanganya makusudi, kwa sababu wapitiaji wa maandiko nao mara nyingi si wa fani yako hasa.

Kilicholeta ubishi ni sharti la walezi: lazima mlezi awe amewahi kupata ruzuku ya ushindani, hata ndogo, na kuisimamia hadi hesabu kufungwa. Mzee mmoja mwenye vitabu vingi aliona amedharauliwa. Nilimweleza kwa adabu kwamba kuandika kitabu na kuandika andiko ni kazi mbili, lakini sikulegeza sharti. Mtu ambaye hajawahi kumjibu mkaguzi kuhusu risiti za mafuta atamlea nani?

Novemba 2024

Ukurasa wa kwanza mezani ni wa mhadhiri wa sayansi ya udongo. Sentensi ya kwanza: kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi wa Tanzania. Chumba kizima kikacheka, naye akacheka, maana kila mmoja ana faili linaloanza hivyo. Aya nzima ya pili ilikuwa idadi ya Watanzania wanaotegemea kilimo. Tatizo lenyewe lilijitokeza mstari wa tatu kutoka chini. Tumeandika ubaoni sheria ya kwanza ya kikao: uti wa mgongo haupiti.

Malengo yake mahsusi yalikuwa matatu: kuchunguza hali ya udongo, kutathmini uelewa wa wakulima, kupendekeza njia za kuboresha. Hakuna hata moja linaloweza kushindwa. Ukienda shambani ukarudi, umeshachunguza. Ukigawa madodoso, umeshatathmini. Mpitiaji akiona lengo lisiloweza kushindwa anajua hakuna swali ndani yake.

Nikamwomba aweke karatasi chini, amweleze yule dada wa uuguzi na ukunga, kwa maneno ya kawaida, kinachomkera. Akasema, "Sista, mkulima wangu anaweka mbolea ya DAP kila msimu na mahindi yanabaki ya rangi ya zambarau. Udongo una tindikali. Fosforasi anayoinunua inashikwa na alumini na chuma, mmea hauioni. Dawa yake ni chokaa, na sisi tunamwambia aweke tani kadhaa kwa hekta. Nani atabeba tani kadhaa kupandisha mlima, kwa kitu ambacho faida yake anaweza kuiona msimu wa pili?"

Sista akauliza, "Dokta, kwani lazima shamba zima? Akiweka kidogo kwenye shimo la mbegu tu?"

Hapo ndipo andiko lilipozaliwa. Kuweka chokaa kidogo kwenye shimo au mstari wa kupandia si wazo geni duniani, lakini kiasi gani kinatosha kwenye udongo wetu, kwa mkulima anayepanda kwa jembe la mkono, na faida yake inadumu misimu mingapi, hilo ni swali ambalo jibu lake linaweza kuwa hapana. Ukurasa uliorudi Jumatano iliyofuata ulikuwa na lengo moja la maabara, moja la shambani na moja la gharama kwa mkulima, na kila moja linasimama hata jirani yake likianguka. Hilo la mwisho tulilisisitiza sana. Watu wengi hupanga malengo kwa kutegemeana: la pili linasubiri la kwanza lifaulu, la tatu linasubiri la pili. La kwanza likikwama, mradi mzima umekwisha, na mpitiaji mzoefu analiona hilo kabla hajamaliza kusoma.

Desemba 2024

Bajeti. Nimemwita mhasibu wa miradi akae nasi, jambo ambalo inaonekana hakuna aliyewahi kulifanya. Alikuja na kalamu nyekundu na uso wa mtu aliyeitwa kujibu mashtaka. Baada ya nusu saa yeye ndiye aliyekuwa anafundisha.

Alianza na dola. Oktoba watu waliandika bajeti zao kwa kiwango cha karibu shilingi 2,700 kwa dola. Mwezi huu shilingi imepanda, dola imeshuka hadi karibu 2,400. Bajeti iliyoandikwa kwa dola, matumizi yote yakiwa ya shilingi, imepoteza zaidi ya sehemu ya kumi bila mtu kununua kalamu. Hakuna mfadhili atakayeongeza. Ushauri wake ni kukadiria bei kwa shilingi kwanza, kugeuza kwa kiwango cha tahadhari, na kuandika kwenye maelezo ya bajeti kiwango kilichotumika na tarehe yake.

La pili lilikuwa zito zaidi. Dada wa biashara alipanga kununua vifaa vya kupimia ubora wa parachichi mwezi wa pili wa mradi. Mhasibu akamuuliza kwa upole kama anaifahamu NeST. Tangu 2023 ununuzi wa taasisi za umma unapita kwenye mfumo huo, na malipo yanapita MUSE, mfumo wa ulipaji wa serikali. Fedha ikiingia, itengewe kasma, mahitaji yaingizwe kwenye mpango wa ununuzi, zabuni itangazwe, mzabuni apatikane. Mwezi wa pili wa mradi utakuwa bado unatafuta saini. Jedwali la kazi la kila andiko mezani limerekebishwa jioni ile ile: robo ya kwanza ni vibali, ununuzi na kuajiri wadadisi, na kazi ya shambani inaanza baadaye. Kwa miradi ya kilimo maana yake ni kwamba fedha ikiingia Oktoba, msimu wa mvua unaoanza Novemba umeshakupita, usubiri mwakani. Mfadhili wa mbali hawezi kulijua hilo; lazima uliandike wewe.

Vitu vilivyosahaulika karibu kwenye kila bajeti: ada ya kamati ya maadili, ada ya kuchapisha makala, bima ya wadadisi, na vocha za wadadisi. Asilimia ya chuo pia inawachanganya. Wengine wanaiweka kwa aibu, wengine hawaiweki kabisa wakidhani watapendwa. Kwa taasisi za nje ya Marekani, NIH, yaani taasisi za taifa za afya za Marekani, huruhusu gharama za uendeshaji za chuo za asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja za mradi. Ni haki ya chuo, iwekwe. Umeme wa friji la sampuli unalipwa na nani?

Januari 2025

Habari njema isiyotangazwa vya kutosha huku kwetu. Kwa maandiko ya kuanzia tarehe 25 mwezi huu, NIH imebadilisha namna ya kupitia. Zamani vigezo vilikuwa vitano na kila kimoja kilipewa alama, kuanzia 1 ambayo ni bora hadi 9. Kimojawapo kilikuwa mazingira ya taasisi, kingine watafiti wenyewe. Sasa vimekusanywa katika mafungu matatu: umuhimu wa utafiti, ubora na uwezekano wa mbinu, kisha utaalamu na rasilimali. Mawili ya kwanza yana alama. La tatu halina: wapitiaji wanasema tu kama vinatosha, na kama havitoshi waeleze. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kupunguza uzito wa jina la chuo na sifa za mtu.

Nimewasomea mezani. Mmoja akasema, basi hatuna kisingizio. Nami nadhani hivyo hivyo, ingawa jina halifi kwa waraka. Mpitiaji bado anaona barua ya chuo juu ya ukurasa.

Mwezi huu huu tumeingia kwenye balaa la usajili, na naliandika kirefu kwa sababu hakuna warsha niliyohudhuria iliyowahi kuligusa.

Chuo hakiwezi kuwasilisha andiko NIH kama hakijasajiliwa kwenye mifumo yao. Taasisi ya nje ya Marekani huanza na namba ya utambulisho iitwayo NCAGE. Ndipo iende SAM, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaoomba fedha zake, ipate namba ya UEI, ambayo tangu Aprili 2022 imechukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS, kisha Grants.gov, tovuti ya kuombea ruzuku, kisha eRA Commons, mfumo wa NIH yenyewe, ambako chuo na mtafiti mkuu wote lazima wawe na akaunti. Wenyewe wanashauri uanze wiki sita kabla, na usajili wa SAM huhuishwa kila mwaka. Sisi tuliambiwa chuo kimesajiliwa. Kweli kiliwahi kusajiliwa, na aliyekuwa na nywila amestaafu, na baruapepe ya usajili ilikuwa yake binafsi.

Kuanza upya kukatufikisha kwenye anwani. Mfumo unataka anwani ya mahali, na hauoni sanduku la posta kuwa ni mahali. Sisi maisha yetu yote ni S.L.P.: kwenye mihuri, barua, vyeti, akaunti ya benki. Kilichotuokoa ni ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, kabla ya sensa. Watu walikuwa wakicheka vibao vile vya mitaa vilivyosimikwa hadi porini, na hapa chuoni kimoja kilikuwa kimegeuzwa sehemu ya kufungia mbuzi. Sasa jina la barabara, namba ya jengo na postikodi ndiyo anwani yetu rasmi kwenye mifumo yote minne. Herufi kwa herufi, maana ikisomeka "Road" huku na "Rd" kule unarudishwa. Jina la chuo nalo limeandikwa kwa namna moja tu, ile iliyo kwenye hati idhini.

Nimependekeza kurugenzi iwe na baruapepe ya ofisi, si ya mtu, na kalenda ya kuhuisha. Pendekezo limepokelewa.

Februari 2025

Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Athari zimefika hadi kwenye chumba chetu cha maktaba. Sista alipanga kufuatilia akina mama waliopata shinikizo la damu wakati wa ujauzito, baada ya kutoka hospitali. Wahudumu aliotegemea wampelekee taarifa kutoka zahanati walikuwa wakilipwa na mradi wa fedha za USAID, na wamesimamishwa. Andiko lake bado zuri. Njia yake ya kupata taarifa imekufa.

Tulizungumza siku hiyo zaidi ya tulivyosoma. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, na sisi bado hatujafika hapo. Mtu akiuliza kwa nini mhadhiri wa Tanzania anajua tarehe za mwisho za Bethesda, makao ya NIH, kuliko za COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, jibu liko hapo. Lakini COSTECH ipo, imekuwepo kwa sheria ya 1986, na inatoa fedha. Nimemtaka kila aliye mezani awe na andiko moja la ndani na moja la nje. Lengo la kwanza la mradi wa nje, lile dogo la awali, ndilo linakwenda kuombewa fedha za ndani, ili data za mwanzo zipatikane hapa.

Machi 2025

Mitihani. Vikao viwili havikufanyika. Mtu anasahihisha karatasi mia nne, usimuulize habari za malengo mahsusi.

Mei 2025

Tarehe 1 Mei NIH imetangaza kwamba haitatoa tena ruzuku ndogo za nje zilizo ndani ya ruzuku kuu hadi utaratibu mpya uwekwe. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa njia kuu ya vyuo vya huku: mtafiti mkuu yuko Marekani, sisi tuko kwenye aya ya ushirikiano na mstari mmoja wa bajeti. Mhadhiri wetu mmoja alikuwa ameshaandikiwa sehemu yake na chuo cha huko, na sasa wanasubiri.

Nitasema ninachofikiri, japo si wote mezani wanakubali. Njia ile ilitulisha na ilitudumaza. Mtu anakuwa mtafiti mwenza miaka kumi, anakusanya sampuli, jina lake liko katikati ya orodha ya waandishi, na hajawahi kuandika ukurasa wa malengo peke yake. Wafadhili wakimuuliza nini kinamkera kwenye fani yake, anataja kilichomkera mwenzake wa ng'ambo. Mlezi mmoja, mwenye miradi ya aina hiyo kadhaa, alinijibu kwamba bila mstari ule mmoja wa bajeti asingeweza kusomesha wanafunzi wake wa uzamili. Ni kweli pia.

Upande wa mazuri: andiko la chokaa limekwenda kwa mfadhili, na kabla ya kwenda limesomwa na mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Kibali cha maadili cha Sista kimeanza mchakato. Amebadili njia: atatumia rejesta za kliniki na kuwapigia akina mama simu. Tumeongeza swali la nani anashika simu nyumbani, maana simu ya mama mara nyingi inapokelewa na baba.

Juni 2025

Zamu ya isimu. Kijana wetu anataka kurekodi Kiwungu, lugha ndogo upande wa Ziwa Rukwa. Andiko lake lilikuwa la kamusi. Mlezi wake alimsukuma asome masharti ya ELDP, mpango wa kurekodi lugha zilizo hatarini, ambao ulianza London mwaka 2002 na sasa uko Berlin. Wao hawatafuti kamusi kwanza. Wanataka rekodi za sauti na video za watu wakizungumza kwa kawaida, zenye maelezo, zilizohifadhiwa kwenye hazina yao ya kidijitali, na wanataka kujua wenye lugha wamekubali nini hasa kuhusu nani atazisikiliza.

Hilo la mwisho lilizua mjadala mzuri kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Fomu ya ridhaa ya chuo imetungwa kwa ajili ya utafiti wa tiba: mshiriki hatatajwa jina. Bibi anayesimulia hadithi ya ukoo wake anataka atajwe, tena na jina la baba yake. Kuna nyimbo za unyago ambazo haziwezi kuwekwa wazi kwa kila mtu. Ridhaa moja ya kutia saini mara moja haitoshi. Anahitaji kuuliza rekodi kwa rekodi. Sista alitikisa kichwa muda wote, kisha akasema angependa hata hospitali waulize hivyo.

Julai 2025

Majibu ya kwanza ya kukataliwa yamekuja, mawili kwa wiki moja. Hapa chuoni barua ya kukataliwa huwa siri. Watu wanaifuta kwenye simu kabla mwenzao hajaiona. Tumekubaliana isomwe kwa sauti mezani, na mwenye andiko asijitetee mpaka mwisho.

Maoni yaliyoumiza zaidi yalihusu sampuli: "Kwa nini 384?" Aliyekulia vyuo vyetu anaijua namba hii. Iko kwenye tasnifu nyingi mno. Inatokana na fomula ya kukadiria uwiano katika jamii kubwa, ukichukua asilimia 50, uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5. Kama unataka kujua ni wangapi wanaotumia kitu fulani, sawa. Andiko hili lilikuwa linalinganisha makundi mawili ya wafanyabiashara wa parachichi kabla na baada ya mafunzo. Namba inayotakiwa inategemea tofauti unayotarajia kuiona na mtawanyiko wa mapato yao, na hesabu hiyo ni nyingine kabisa. 384 ilikuwa imeingia kwa mazoea, na wote tuliusoma ukurasa ule tukaipita bila kuhoji, kwa sababu sote tuliwahi kuiandika.

Sheria ya pili imeandikwa ubaoni chini ya ile ya kwanza: 384 haipiti. Mtakwimu wa kilimo sasa anakaa nasi kila Jumatano ya pili, na amekataa kupewa chochote isipokuwa jina lake kwenye bajeti kama mtafiti mwenza. Amekubaliwa.

Agosti 2025

Walezi wamechoka, na wana haki. Vigezo vya kupanda cheo vinahesabu makala. Aliyetumia jioni zake kurekebisha andiko la mwingine hana alama hata moja. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa makala iliyochapishwa kwenye majarida makubwa ya kimataifa katika fani za sayansi, na ni jambo jema sana, ila nayo inaangalia mwisho wa barabara. Nimeandika waraka kwa kamati ya ajira na upandishaji vyeo: ulezi uliothibitishwa na andiko lililowasilishwa uhesabiwe kama sehemu ya huduma ya kitaaluma. Nimejibiwa kuwa suala litajadiliwa kwenye kikao kijacho. Mlezi mmoja amejitoa. Simlaumu.

Septemba 2025

Andiko la chokaa limepata ruzuku. Ni ndogo, ya misimu miwili, na mfadhili ametaka bajeti ya usafiri ipunguzwe. Barua imekuja wakati mzuri, vijiji viwili vya majaribio vimekubali, na kwa mara ya kwanza mpango wa ununuzi uliingizwa kwenye NeST kabla fedha haijafika benki. Mhasibu ndiye aliyesukuma hilo. Sista amepata kibali cha maadili na fedha kidogo za ndani za hatua ya awali. Isimu bado anasubiri. Andiko la parachichi linaandikwa upya na hesabu ya sampuli imekamilika. Namba ni ndogo kuliko 384, jambo lililomfurahisha mwenye mfuko. Waliobaki wana kurasa nzuri ambazo hazijafika popote, na wawili wameacha kuja.

Kundi jipya linaanza Oktoba. Safari hii viti viwili ni vya watumishi wasio wanataaluma: afisa ununuzi na msaidizi wa kurugenzi anayeshika sasa baruapepe ya usajili. Usajili wa SAM unahuishwa Januari, na tarehe hiyo imeandikwa kwenye kalenda ya ofisi, ya msaidizi na yangu. Afisa ununuzi ameomba ukurasa wa kwanza utakaosomwa uwe wa mtu mwenye vifaa vingi vya maabara, kwa sababu anataka kuanza kugomba mapema.